Dutton, munganga aliyekufa Kasongo kwa homa aliyokuwa anachunguza

Tarehe 27 mwezi wa 2 mwaka wa 1905, munganga mumoja Mwingereza alikufa Kasongo, katika jimbo tunaloita leo Maniema. Alikuwa na miaka 30 tu. Jina lake ni Joseph Everett Dutton. Hakuuawa na mukuki, wala na mamba wa Lualaba. Homa ndiyo ilimuua. Na ile homa, yeye mwenyewe alikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kujua inatoka wapi na inaingia namna gani katika mwili wa mutu.

Mpaka leo, kidudu chenye kuleta homa ile kinabeba jina lake katika vitabu vya wanganga wa dunia nzima: Borrelia duttonii. Lakini huku kwetu, fasi alikufia, vijana wengi hawajasikia hata siku moja habari zake. Wanajua kimputu, kwa sababu wazazi wao walikuwa wanamuogopa. Hawajui kwamba historia ya kimputu ilipita Kisangani na Kasongo mbele ya kufika katika vyuo vikubwa vya Ulaya.

Maisha ya Dutton yalikuwa mafupi, na karibu yote yalizunguka ulizo moja ambalo kila mama mwenye mutoto mugonjwa analiuliza usiku: hii homa ni ya nini?

Mutoto wa muuza dawa

Dutton alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka wa 1874 katika kijiji cha Higher Bebington, jimbo la Cheshire, karibu na bandari kubwa ya Liverpool. Baba yake alikuwa muuza dawa. Alisoma masomo ya sekondari katika muji wa Chester, kisha akasoma unganga Liverpool na kumaliza mwaka wa 1897. Hakuvutwa sana na kazi ya kupokea wagonjwa katika kabineti. Alipenda kukaa katika labo, mbele ya mikroskopu.

Ili kuelewa kazi yake, lazima kujua namna wanganga walikuwa wanaona homa wakati ule. Kwa miaka mingi, homa iliitwa kufuatana na tabia yake ao fasi inapatikana. Kulikuwa homa ya siku ya tatu, homa ya siku ya ine, homa ya mabwawa, homa ya pwani. Wengi waliamini inatoka katika hewa mbaya ya majimaji yaliyooza. Kila homa ya Afrika ilikuwa karibu kila mara inaitwa malaria, na kila mwenye homa alipewa kinini. Akipona, walisema kinini imefanya kazi. Akikufa, walisema malaria ilikuwa na nguvu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1880. Munganga wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona katika damu ya askari mugonjwa, muji wa Constantine katika inchi ya Algeria, kidudu chenye kuleta malaria. Mwaka wa 1897, Ronald Ross akiwa India aliona kidudu kile ndani ya tumbo la mbu. Kuanzia pale, homa haikuwa tena hewa. Ilikuwa kitu kinachoweza kuonekana kwa macho, katika tone la damu, kama mutu ana mikroskopu na uvumilivu.

Mwaka wa 1898, tajiri mumoja mwenye mashua za bahari, Alfred Jones, alitoa makuta ili Liverpool ipate chuo cha magonjwa ya inchi za joto. Hakufanya vile kwa upendo peke yake. Mashua zake zilikuwa zinafanya biashara na Afrika ya Mangaribi, na watu wake walikuwa wanakufa huko kwa homa. Tena Jones alikuwa pia konsuli wa Inchi Huru ya Kongo huko Liverpool, ni kusema mutu wa Mufalme Leopold wa Pili. Ile kamba kati ya Liverpool na Kongo ndiyo ilikuja kumuleta Dutton mpaka kwetu.

Ross alikuwa mwalimu wa kwanza wa chuo kile. Dutton aliingia akiwa kijana, na mwaka wa 1900 alitumwa Nigeria pamoja na wenzake Annett na Elliott kuchunguza malaria. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Mwanzo wa mwaka wa 1901, munganga mwingine wa chuo, Walter Myers, alikufa Brazil kwa homa ya manjano, akiwa anaichunguza. Dutton alijua jambo lile. Mwaka ule ule akapanda tena mashua, akaenda Gambia.

Homa ambayo haikusikia kinini

Mwezi wa 5 mwaka wa 1901, kapiteni wa mashua ya serikali kwenye muto Gambia aliingia hospitali ya Bathurst, muji unaoitwa leo Banjul. Alikuwa na homa. Munganga wa pale, Robert Forde, alifikiri malaria, kama kila mutu angefikiri. Akamupa kinini. Homa haikusikia kinini.

Pale ndipo Forde alifanya jambo zuri ambalo linafaa kukumbukwa: hakuongeza kinini juu ya kinini. Aliangalia damu. Hakuona kidudu cha malaria. Aliona vitu vingine, vidogo kama nyoka nyembamba, vinavyocheza haraka kati ya chembe za damu. Hakuweza kuvipa jina. Mugonjwa akapelekwa Uingereza, akarudi Gambia mwezi wa 12.

Wakati ule Dutton alikuwa Gambia kwa kazi ya mbu na malaria. Forde akamuonyesha mugonjwa. Mutu yule alikuwa amekonda, uso umevimba kidogo hasa kwenye macho, moyo unapiga mbio, na homa inakuja na kwenda bila mupango wowote. Dutton akatia tone la damu chini ya mikroskopu na akatambua: ni tripanosoma.

Tripanosoma haikuwa kitu kipya kwa wanyama. Griffith Evans aliiona India mwaka wa 1880 katika damu ya farasi na ngamia. David Bruce aliiona Afrika ya Kusini, inchi ya Wazulu, katika damu ya ngombe waliokufa kwa ugonjwa wa nagana, na akaonyesha kwamba nzi wa tsetse ndiye anaupeleka. Lakini hakuna mutu aliyeeleza vizuri kwamba kidudu cha namna ile kinaweza kuishi ndani ya binadamu na kumuletea homa. Mwaka wa 1902 Dutton alikipa jina: Trypanosoma gambiense.

Alirudi Senegambia pamoja na Mukanada mumoja, John Lancelot Todd, kijana kama yeye. Walipima damu ya watu zaidi ya 1000. Wenye tripanosoma hawakufika 10, na wengi wao walikuwa wanatembea, wanafanya kazi, hawajui kama wako na kitu. Kwa Dutton lilikuwa somo kubwa: kidudu kinaweza kukaa katika mwili kimya, muda murefu, homa ikija kidogo na kupotea.

Kapiteni yule wa Gambia alikufa Uingereza mwanzo wa mwaka wa 1903.

Uganda inatoa jibu lingine

Wakati Dutton anapima damu Gambia, upande mwingine wa Afrika watu walikuwa wanakufa kwa wingi. Kwenye mwambao wa ziwa Victoria, katika Uganda, ugonjwa wa usingizi uliua watu zaidi ya 200 000 katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Mugonjwa alianza na homa na kuumwa kichwa, kisha akili ikabadilika, kisha akalala muchana, na mwisho hakuamuka tena.

Aldo Castellani, munganga Mwitalia aliyekuwa Entebbe, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mugongo wa wagonjwa wale. Mwaka wa 1903 Bruce alifika na kuonyesha kwamba tsetse ndiyo inapeleka ugonjwa. Halafu watu wakaunganisha mambo mawili: homa ya Gambia ambayo haina jina, na usingizi wa Uganda ambao unaua, zote zinatoka kwa tripanosoma. Ile homa ilikuwa mwanzo wa njia, na usingizi mwisho wake.

Maana yake kwa wanganga ilikuwa nzito. Mutu anapoanza kulala, kidudu kimekwisha kufika katika ubongo na kumuokoa ni vigumu sana. Fasi ya kumuokoa ni kule nyuma, wakati anasema tu kwamba ana homa. Lakini ni wakati ule ule ambapo kila mutu anasema: ni malaria.

Katika Kongo ya Leopold

Mufalme Leopold alisikia habari za Uganda na akaogopa. Hakuogopa kwa ajili ya watu tu. Kongo yake ilikuwa inaishi kwa kazi ya watu: kuchota kauchu, kubeba mizigo, kupiga kafi. Wakikufa, kauchu haitoki. Akaomba chuo cha Liverpool kitume wanganga.

Mwaka wa 1903, Dutton, Todd na Cuthbert Christy, aliyekuwa ametoka Uganda, walifika Boma. Miezi ile ile konsuli Mwingereza Roger Casement alikuwa amepanda muto Kongo kuandika juu ya mateso ya watu katika kazi ya kauchu, na ripoti yake ilitoka mwaka wa 1904. Ni kusema wanganga wa Liverpool walitembea katika inchi moja na Casement, kwa muto mumoja, lakini wakiwa wageni wa serikali ile ile ambayo Casement alikuwa anashitaki.

Walifanya kazi muda murefu Leopoldville, Kinshasa ya leo. Katika 1904 Christy aliacha musafara, na Dutton na Todd wakapanda muto. Kila fasi waliposimama walifanya kazi moja: kupima watu, kuangalia damu, kugusa shingo. Shingo kwa sababu gani? Tangu mwaka wa 1803, munganga Thomas Winterbottom aliyeishi Sierra Leone aliandika kwamba watu wa kule walijua alama ya ugonjwa wa usingizi: matezi yanayovimba nyuma ya shingo. Sasa wanganga waliokuwa Uganda walionyesha kwamba ukidunga tezi lile na sindano na kuangalia maji yake, utaona tripanosoma hata kama damu haionyeshi kitu. Dutton na Todd walijaribu njia ile Kongo na wakaona inafaa sana. Haikuomba vyombo vingi: kidole, sindano, kipande cha kioo na mikroskopu.

Kimputu

Mwisho wa mwaka wa 1904 walifika Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kule wakakutana na homa nyingine ambayo nayo ilikuwa inaitwa malaria bila kuwa malaria.

Watu wa mashariki ya Kongo walikuwa wanaijua tangu zamani, na walikuwa wanasema wazi inatoka kwa kimputu, kupe laini ambaye Waswahili wa Tanzania wanamuita papasi. Kimputu hakai kwenye mwili kama kupe wa mbwa. Anaishi katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la chini, chini ya mukeka. Usiku anatoka, anauma mutu aliyelala, anakunywa damu kwa nusu saa hivi, kisha anarudi katika ufa wake. Asubuhi mutu anaona alama tu. Anaweza kukaa miaka bila kula na bado akaishi. Alipatikana zaidi katika nyumba za kupumzikia wasafiri, kwenye njia za misafara, fasi wapagazi walikuwa wanalala wengi chini.

Livingstone aliandika juu ya kuumwa na kupe huyu karibu miaka 50 mbele. Lakini wanganga wengi wa Kizungu walichukua maneno ya watu wa kijiji kuwa hadisi tu. Dutton na Todd hawakuyatupa. Waliyapima.

Homa ya kimputu iko na tabia yake. Inaanza kwa nguvu: baridi, kichwa, mugongo, kutapika. Inakaa siku chache, kisha inakatika gafula na jasho jingi. Mutu anajisikia muzima, anarudi shambani. Kisha siku kadhaa, mara nyingi karibu juma moja, inarudi tena. Inaweza kurudi mara nyingi. Na hapa kuna mutego. Kama mutu amekunywa kinini siku ile homa ilitaka kukatika yenyewe, atasema kinini imemuponyesha. Homa ikirudi, atasema ameambukizwa malaria mupya. Kwa hiyo kinini ilipata sifa kwa kazi ambayo haikufanya.

Dutton na Todd waliangalia damu ya wagonjwa wakati homa iko juu. Waliona vidudu virefu vilivyojikunja kama springi: spiroketi. Havikuwa vingi, ilibidi kutafuta sana. Kisha wakakusanya kimputu kutoka nyumba zinazojulikana kuwa na ugonjwa, wakawaacha waume tumbili. Tumbili wakapata homa, na damu yao ikaonyesha springi zile zile. Wakaendelea mbele zaidi: walichukua kimputu wadogo waliozaliwa katika labo kutoka mayai ya kimputu wenye ugonjwa, ambao hawajauma mugonjwa hata mumoja. Wale nao waliweza kupeleka ugonjwa. Ni kusema kimputu mama anaachia watoto wake ugonjwa ndani ya yai, na nyumba inaweza kubaki na hatari hata kama wagonjwa wote wamehama.

Mwaka ule ule wa 1904, katika Uganda, Philip Ross na Milne walifika kwenye jibu moja na wao kwamba kupe huyu ndiye anapeleka spiroketi. Na mwaka wa 1905 Robert Koch, Mujerumani mwenye sifa kubwa, aliona mambo hayo hayo katika inchi inayoitwa leo Tanzania, kwenye njia ya misafara kutoka pwani. Watu hawa, kila mumoja fasi yake, walisema kitu kimoja. Na wote walikuja kuthibitisha neno ambalo mama wa kijiji alikuwa amekwisha kusema.

Kasongo

Katika kazi ile, Dutton na Todd wote wawili waliambukizwa. Walijua wako na nini. Katika damu yao waliweza kuona kidudu kile ambacho walikuwa wanafundisha dunia kukitambua. Lakini kujua jina la ugonjwa na kuwa na dawa yake ni mambo mawili. Wakati ule dawa ya spiroketi haikuwapo. Antibiotiki ya kwanza ilikuja kutumiwa karibu miaka 40 kisha.

Waliendelea na safari kupanda Lualaba mpaka Kasongo. Kasongo ulikuwa muji mukubwa wa Waswahili, muji wa Tippu Tip na mwana wake Sefu, uliotwaliwa na majeshi ya Leopold mwaka wa 1893. Njia zilizoleta misafara, nguo na lugha ya Kiswahili mpaka Maniema zilikuwa pia njia za kimputu, aliyesafiri ndani ya mizigo na mikeka. Ni kwenye mwisho wa njia ile Dutton alilala na hakuamuka. Todd alimuzika pale, mbali na Cheshire, na watu wa Kasongo wakaja kwenye mazishi.

Todd alipona. Alichukua vitabu vya kazi na kuendelea peke yake upande wa Tanganyika, kisha akarudi Ulaya. Maandiko juu ya homa ya kimputu katika mashariki ya Kongo yalitoka mwaka wa 1905 na majina ya wote wawili. Mwaka uliofuata, wataalamu Novy na Knapp wakapa spiroketi ile jina la Dutton. Chuo cha Liverpool nacho kikaanzisha kiti cha uprofesa kwa ukumbusho wake.

Ile waliyofanya na kidole

Historia ya Dutton haiwezi kuishia kwenye sifa tu. Kupima shingo, njia ile rahisi iliyosaidia kupata wagonjwa mapema, iliingia mikononi mwa serikali. Kisha kifo cha Dutton, Todd alitoa shauri kwa Leopold: watu wapimwe shingo, wenye matezi wasiruhusiwe kuingia katika maeneo ambayo ugonjwa haujafika, na wagonjwa watengwe.

Yakaanzishwa malazareti. Watu walishikwa njiani, wakaguswa shingo, na wengine wakachukuliwa mbali na jamaa zao bila kuulizwa. Dawa ya atoxyl, iliyojaribiwa Liverpool mwaka wa 1905, ilisaidia wengine na kupofusha wengine. Wengi walikimbilia porini walipoona musafara wa munganga. Na kauchu, kazi ya nguvu, njaa na kuhamahama, mambo yaliyofanya ugonjwa uenee haraka, viliendelea.

Dutton alikuwa amekwisha kufa. Lakini alama ilibaki kwa vizazi: kwa watu wengi wa Kongo, kipimo cha homa kilijulikana kwanza kama kitu cha kukamatisha watu. Wakati wauguzi wa siku hizi wanashangaa juu ya familia inayoficha mugonjwa, jibu moja liko katika miaka ile.

TDR inajibu ulizo moja

Miaka 120 imepita. Leo, karibu kila kituo cha afya kinaweza kuwa na TDR, kile kipimo cha malaria kinachotoa jibu katika dakika chache. Ni kitu kizuri sana na kimeokoa watoto wengi. Malaria bado ni ugonjwa unaoua sana katika inchi yetu, na mutoto mwenye homa lazima apimwe haraka.

Lakini TDR inajibu ulizo moja tu: je, kuna alama ya malaria katika damu hii? Ikisema hapana, homa bado haijapata jina. Kumupa mugonjwa dawa ya malaria hata hivyo, sababu tu ndiyo dawa iliyopo, ni kurudi kwenye kinini ya kapiteni wa Gambia. Na hata ikisema ndiyo, katika maeneo yetu mutu anaweza kuwa na malaria kidogo katika damu na ugonjwa mwingine mubaya pembeni.

TDR haioni spiroketi ya kimputu. Haioni tripanosoma. Goutte épaisse, kile kipimo cha zamani cha tone nene la damu chini ya mikroskopu, kinaweza kuvionyesha, kama mutu wa labo anavitafuta na kama damu imetolewa wakati homa iko juu. Kipimo cha Widal nacho, kinachotumiwa sana kusema mutu ana tifoide, kinaweza kudanganya kikiwa peke yake. Wengi wanabeba tifoide ya karatasi, si ya mwili.

Kabla ya vyombo vyote kuna maulizo, na hayaombi makuta. Homa ilianza siku gani? Ilikatika na kurudi? Mugonjwa alilala wapi majuma haya, chini ao kwenye kitanda, katika nyumba ya nani? Alisafiri? Nani mwingine ni mugonjwa katika nyumba? Aligusa maiti ao nyama aliyekutwa amekufa? Shingo iko namna gani? Mwaka wa 1976, Yambuku, mugonjwa wa kwanza aliyejulikana wa Ebola alipigwa sindano ya dawa ya malaria. Hakuna mutu wa kulaumiwa, ugonjwa ule haukuwa na jina bado. Lakini unatukumbusha kwamba homa ya kawaida na homa ya hatari zinaingia kwa mulango mumoja.

Homa iliyoua Dutton, leo inatibiwa kwa antibiotiki za kawaida. Lazima dawa itolewe na muuguzi ao munganga, sababu saa chache kisha dawa ya kwanza mugonjwa anaweza kuzidiwa kidogo mbele ya kupona. Kwa wamama wenye mimba ugonjwa huu ni mubaya zaidi, unaweza kutoa mimba. Kujikinga kunaanza nyumbani: kuziba nyufa za ukuta, kulala juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, kuchomeka chandarua vizuri chini ya godoro. Na ugonjwa wa usingizi, tangu 2018 dunia nzima inapata wagonjwa chini ya 1000 kwa mwaka, wengi wao katika Kongo, na siku hizi kuna vidonge vya kunywa, fexinidazole, kwa wagonjwa wengi. Kupatikana mapema bado ndiyo nusu ya kupona.

Kama mutoto ana homa na anapata degedege, ao shingo imekauka, ao anakataa kunywa, ao haamuki vizuri, asingojewe mpaka kesho. Na kama mutu amemaliza dawa ya malaria na homa inarudi, arudi kwenye kituo na aseme wazi: nilikunywa dawa, ilikatika, imerudi. Maneno hayo matatu yanamupa munganga njia ya kuanzia.